Ukuta Uliojengwa kwa Ajili ya Mdomo wa Vavrina

Wageni wanaokwenda kuutazama uwanja wa besiboli wa Tolliver, pale Baltimore, huuliza kwa nini ukuta wa upande wa kulia umepandishwa vile, mabati juu ya matofali kama gereza. Mtembeza wageni huwaambia ni kwa ajili ya upepo wa bandarini. Upepo gani! Upepo ule ulitoka kinywani mwa Ignac Vavrina, na aliyeujua vizuri ni mkewe Ludmila, aliyelala nao kitanda kimoja.

Vavrina alikuwa mshona vifungo kiwandani. Hakuwahi kushika gongo la besiboli. Mpira ukirushwa upande wake alijikinga kwa kofia. Lakini mechi ikianza tu, huyo juu ya paa la nyumba yao, ng'ambo ya barabara, akiwafundisha kazi wanaume walioajiriwa kwa kazi hiyo. Na sauti aliyopewa! Akipiga chafya, maziwa ya mtaa mzima yaliganda. Akikohoa, meli bandarini zilipunguza mwendo zikidhani zinaitwa.

Alitaka kitu kimoja tu duniani: mchezaji mmoja ageuke amjibu.

Aliyekuwa karibu na paa lake ni Cobbett, mdakaji wa kona ya kulia, mtu mpole wa mashambani. Kila mpira uliporushwa Vavrina alimwambia asonge kushoto. Mvua ikinyesha, asonge kushoto. Ludmila alikuwa chini kizingitini, akisugua ngazi zao nyeupe za marumaru kama wanawake wote wa mtaa ule, na aibu ikimchoma kisogoni.

"Shoga, huyo mumeo analipwa kwa neno?" aliuliza jirani yake, Bi Stach.

"Angelipwa kwa neno, ngazi hizi zingesuguliwa na mtumishi."

Basi siku moja, mechi ya mwisho wa msimu, mpira ukapigwa juu ukaja moja kwa moja kwa Cobbett. Hata mtoto wa kunyonya angeudaka. Juu ya paa sauti ikalia, "Cobbett, songa kushoto!" Cobbett, aliyevumilia miaka, akageuka, akalitazama lile paa, akafungua kinywa. Mpira ukamtua utosini, ukadunda, ukavuka ukuta, ukaingia dirishani kwa Bi Stach na kuzama katika sufuria ya kabichi. Timu ikafungwa.

"Amenitazama, Ludmila," alisema Vavrina akishuka, macho yamelowa. "Alitaka kunijibu."

Mwenye timu akapandisha ukuta kabla ya majira ya kuchipua. Mwingine angeona haya. Vavrina alisimama barabarani akiwasimamia waashi na kumweleza kila mpita njia kwamba kazi ile ni kwa ajili yake.

"Wakubwa wengine hujengewa sanamu," alimwambia mkewe. "Mimi nimejengewa ukuta."

"Sanamu hunyamaza," alisema Ludmila.

Sasa paani haonekani mchezaji wala nyasi, mabati tu. Mtu mwenye akili angeshuka. Yeye alitega sikio, akakisia mchezo kwa kelele za watazamaji, na kuendelea kumsongeza Cobbett kushoto. Tatizo ni kwamba Cobbett hakuwepo. Aliuzwa timu ya mbali wakati wa baridi, na mtaa mzima ulijua. Vavrina hakusoma magazeti. Alisema hayana jipya la kumwambia.

Kiangazi chote mtu akalipigia kelele bati. Wanawake walijifunika nyuso kwa aproni wakicheka. Ludmila naye alinyamaza, na tusimtakase: alifungua dirisha asikie vizuri zaidi.

Mpaka jioni moja mumewe aliposhuka akinong'ona kwamba leo Cobbett amekaribia kumjibu, amemsikia akikohoa. Ludmila alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha muuza karanga.

Kisha Vavrina akatangaza kwamba mechi ya mwisho atasimama kwenye lango la wachezaji ampe Cobbett mkono. Habari ikaenea kama moto. Siku yenyewe wanawake walitoka na kofia zao za kanisani, Bi Stach na kiti kabisa, waje kutazama. Ndani, Vavrina alikuwa akijifunga tai.

Ludmila akaegemea mlango.

"Vua. Cobbett hayupo. Ameuzwa tangu wakati wa theluji."

"Na wewe ulijua?"

"Hata paka wa muuza nyama alijua."

Vavrina akaketi. Kimya kikaingia mle ndani, kile ambacho Ludmila alikuwa amekiombea kanisani miaka mingi, naye akakaa kukionja.

"Sasa nani analinda kona ya kulia?" aliuliza Vavrina hatimaye.

"Nitajuaje mimi?"

Akavua koti, akalitundika, akapanda ngazi za paa. Ludmila alitoka nje akawaambia wale wenye kofia warudi majumbani. Mjinga yule ni wake, na wa kumcheka ni yeye. Bi Stach hajainua hata kiti chake, sauti ikapasuka juu ya vichwa vyao:

"Wewe, yeyote uliye! Songa kushoto!"

Nyuma ya ukuta sauti ya kijana ikajibu, wazi, mtaa mzima ukisikia:

"Funga domo, mzee!"

Juu ya paa Vavrina akavua kofia, akauinamia ukuta. Na Ludmila akachukua ndoo yake akaingia ndani kufunga madirisha yote, maana alijua sasa hatashuka tena mpaka afe.