Nilimshitaki anayenichinjia mbuzi

Admin, nifiche vizuri. Mke wangu hasomi, lakini binti zake wanamsomea.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, niko Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Shule niliacha darasa la nne na mwalimu alifurahi kuliko mimi. Meno yamebaki kumi na moja, yote bado yanafanya kazi ya nyama. Nachoma mbuzi barazani kwangu, muchomo, tangu barabara yetu ilipokuwa tope ambalo wateja walivuka viatu mkononi.

Ni Mkristo, wa kwenda kanisani Krismasi. Lakini hapa ni mpakani, madereva wa lori na wabadilisha pesa wengi ni Waislamu, na Mwislamu hali nyama asiyojua nani kaichinja. Kwa hiyo sisi wachomaji tuna desturi yetu: Mwislamu ashike kisu, wewe ushike moto. Wangu ni jirani wa ng'ambo ya barabara, nitamwita Abdu. Miaka kumi na mbili ananichinjia kila Jumamosi asubuhi. Nampa shingo na ngozi, tunakunywa chai, tunasengenya watu. Mteja akiuliza, nanyoosha kidole tu: "Aliyechinja ni yule pale." Anakula bila swali la pili.

Shida ililetwa na lami. Walipotengeneza barabara waliweka na njia ya waenda kwa miguu pande zote mbili, matofali mazuri, na Abdu akaamka siku moja akasimamisha jiko lake pale. Nikacheka. Nikasema mtu wa kisu atajua nini habari ya moto.

Ndugu zangu, alijua. Analoweka nyama kwa ndimu na chumvi ya Katwe tangu alfajiri, na moshi wake unavuka barabara, unapita juu ya jiko langu bila hata salamu. Mteja wangu mmoja Mkongo, wa miaka mingi, aliinuka barazani kwangu akavuka. Alivuka na kigoda changu. Nikamwita, akajibu huku anatafuna: "Mzee, usikasirike. Nyama yako iko muzuri, lakini ya huyu iko inaniita kwa jina."

Hiyo nilimeza. Halafu jioni moja nikamkuta mke wangu nyuma ya jiko la nyumbani, na kitu kwenye jani la mgomba. Maini.

"Mama Mumbere, hiyo imetoka wapi?" (Msihangaike kunitafuta, huku kila nyumba ina Mumbere wake.)

"Kwa mtu anayegeuza nyama kabla haijaungua. Wewe unageuza maneno tu."

"Miaka arobaini unakula yangu."

"Nilikuwa sijaonja nyingine."

Nyinyi mngefanya nini? Mimi Jumatatu nilivaa koti langu la mazishi nikaenda polisi. Nikamwambia afande kuna jiko limeziba njia, akina mama wenye mizigo wanashuka barabarani katikati ya bodaboda, siku moja mtu atakufa. Na si uongo, kuna mama bodaboda ilimwangushia mkungu mzima wa matoke. Lakini sikumwambia afande kwamba jiko langu nalo lina miguu miwili barazani na miwili juu ya matofali hayohayo. Akaandika. "Mzee, tia sahihi." Nikatia, ile yangu inayofanana na mdudu aliyekanyagwa.

Jumatano polisi wakaja, wakaenda moja kwa moja kwa Abdu, langu hawakulitazama. "Toa hii takataka. Wewe, panda gari." Jiko likarushwa kwenye pikapu na nyama yake, mafuta bado yanalia, na Abdu akapanda na aproni yake. Mimi nilikuwa barazani nageuza mishikaki. Nakiri kwenu, kwa muda wa kuivisha upande mmoja, nilisikia raha. Abdu alirudi jioni bila jiko. Wateja walirudi kwangu, hata kigoda kilirudi.

Ijumaa ndipo akili ilinifikia, imechoka kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Karusandara. Kesho nani atanichinjia? Nimempeleka polisi mtu ambaye jina lake ndilo linalolisha wateja wangu.

Asubuhi akagonga. Alikuja na kisu chake kama kawaida. Akamlaza mbuzi akamwelekeza kibla, akasema bismillahi, akachinja safi. Akanawa, akakaa, akanywa chai. Mimi yangu ilipoa.

"Mzee," akasema, "afande ataniachia jiko nikilisogeza ndani ya baraza, na mzee wa mtaa akija kusema mimi si mtu wa fujo. Nimekutaja wewe. Jumanne twende."

"Mbona mimi? Wazee ni wengi."

"Nani ananijua kama wewe? Na kuna mtu ameandika karatasi juu yangu. Nitaomba tuonyeshwe. Wewe unajua watu wote hapa, utaniambia ni nani."

Nikasema sawa. Mdomo ndio uliosema, mimi sikuwemo.

Afande yule ana macho. Nikiingia tu atasema, "Mzee wa koti, umerudi?" Nikijifanya mgonjwa, jiko litaozea kituoni na Abdu ataendelea kunichinjia mbuzi, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kuona anavyonawa mikono anakaa kunywa chai yangu. Nikisema ukweli, Jumamosi nitakunywa chai na mbuzi. Na wivu haujaisha, nisiwadanganye. Nikifikiria lile jiko linarudi, naona Mkongo ananyanyua kigoda.

Mke wangu ameshapiga pasi lile koti. Amesema nikamtetee Abdu vizuri, amekumbuka maini.

Jumanne ni keshokutwa. Kutoka kwangu mpaka kituoni ni mwendo wa sigara moja. Wenye busara niambieni: nimwambie Abdu njiani, au nimwachie afande amwambie?