Sikukuu za Fundi Amin

Kwa Amin, fundi wa friji wa Mwabungo, sikukuu ndizo zilizokuwa siku za kazi. Watu wa Nairobi wakisikia sikukuu ya Madaraka imeangukia Ijumaa, au Pasaka imekaribia, hufunga mizigo wakashuka pwani, na nyumba za wageni za Diani na Galu hujaa pomoni. Friza hushindiliwa nyama na samaki, viyoyozi hunguruma kutwa kucha, na mitambo iliyokuwa ikijikokota mwaka mzima huchagua siku iyo hiyo kuzima. Hapo simu ya Amin huanza kulia. Hakuwa na mwajiri wa kumwambia apumzike, wala wa kumlipa akipumzika. Kila tarehe nyekundu kwenye kalenda ya jikoni aliiandalia gesi, vipuri na mafuta ya pikipiki.

Mkewe Hanifa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwake tarehe hizo hizo zilikuwa za kukaa nyumbani. Basi wakaishi hivyo, mmoja akiingia na mwingine akitoka. Kila Idd Hanifa alimchukua binti yao Twaiba wakaenda Bodo kwa babake, Mzee Kombe, na Amin akaahidi kuwafuata akimaliza kazi. Idd ya mwaka uliopita alifika jua limeshainama. Mikeka ilikuwa imekunjwa, masinia yamesuguliwa, wageni wameshaagana. Aliomba radhi, akaeleza habari za hoteli moja na chumba chake cha baridi kilichoharibika. Hanifa alimwekea chakula mbele yake, akasema kwa upole, "Usijieleze, Baba Twaiba. Mimi nimeshazoea."

Lau angalimgombeza, Amin angalijua la kujibu. Neno lile la upole lilimkaa moyoni miezi na miezi.

Mwaka huu, Ramadhani ilipoingia, alianza mapema. Kila asubuhi, kabla kiu haijamkaza koo, alipita kwa wateja wake mmoja mmoja bila kuitwa. Alisafisha mabomba, akaongeza gesi, akabadilisha mipira ya milango iliyochakaa, ili yatakayoharibika yaharibike kabla ya Idd. Lakini alijua mashine haziweki ahadi. Alihitaji mtu wa kushika zamu yake siku yenyewe, na fundi aliyemwamini kwa kazi alikuwa mmoja tu, Menza wa Ukunda.

Na Menza ndiye ambaye yeye na Amin hawakuwa wakisalimiana ila kwa midomo. Hoteli moja kubwa ilikuwa imemwacha Amin ikamchukua yeye, na tangu hapo kila mmoja akimwona mwenzake barabarani hujifanya anatazama duka. Amin alipomwambia Hanifa anakokwenda, mkewe aliacha kuchambua mchele.

"Na akikuchukulia na hawa waliobaki?"

"Akiwachukua, atakuwa amewachukua," Amin akasema, akavaa viatu.

Alimkuta Menza amechuchumaa mbele ya kibanda chake, amezungukwa na friji zilizofunguliwa migongo. Amin alisema shida yake yote kwa mara moja, asije akaishia njiani. Menza alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa, kisha akamsogezea kiti. Akaeleza kuwa kwao ni Kinango, na kila Krismasi yeye hufika nyumbani watu wameshatoka kanisani na kula. Mkewe Purity alikuwa halalamiki tena.

"Mamangu naye ameacha hata kuniuliza kama nitakuja," Menza akasema. "Hilo ndilo linaloniuma, bwana Amin. Afadhali angeuliza."

Wakapatana pale pale. Menza angeshika wateja wa Amin siku ya Idd, na Amin angeshika wa Menza Krismasi na Pasaka. Walihesabu wote wawili kuwa Idd itakuwa Alhamisi.

Jumatano jioni mwezi haukuandama. Kadhi akatangaza watu waendelee kufunga, Idd ni Ijumaa. Twaiba, aliyekwisha kuitandaza nguo yake mpya kitandani, aliikunja tena. Amin alitazama sakafuni. Alikuwa anajua kwamba Ijumaa Menza ana kazi yake Msambweni, kazi aliyoingoja kwa muda mrefu. Asubuhi akapanda pikipiki kwenda Ukunda kumwambia kwamba hamlaumu. Kabla hajazima injini, Menza akampungia mkono asiteremke.

"Wa Msambweni nimeshawapigia. Wataningoja hadi Jumamosi," akasema. "Nenda kapumzike, funga saumu yako."

Ijumaa Amin aliswali Idd pamoja na watu wa Bodo. Alipompa mkwewe mkono na kusema "Shikamoo baba," Mzee Kombe aliushika mkono ule muda mrefu kuliko ilivyo desturi. Wanaume wakakaa kuzunguka sinia la pilau. Mzee hakuwa mtu wa maneno. Ila Amin aliona kila mara vidole vya mzee vikisukuma vipande vya nyama, taratibu, kutoka upande wake hadi upande wa mkwewe, na mwenyewe akila wali mtupu. Amin akainamisha uso akala, maana macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Wateja wawili wa Amin walimpigia Menza siku ile, naye akawatengenezea, wala hakumnyang'anya Amin hata mmoja.

Desemba ikaja, Menza akaenda kwao asubuhi na mapema, na simu ya kwanza ya Krismasi ikatoka kwa mteja wa Menza, Eunice, mama wa bara mwenye nyumba ya wageni Galu. Friza yake ilikuwa imekufa na nyama ya mbuzi mzima ndani. Shule zilikuwa zimefungwa, Twaiba yuko Bodo kwa babu yake. Amin alipofunga mkoba wa vyombo, alimwona Hanifa anajifunga mtandio.

"Leo twende wote," akasema. "Sijawahi kukuona kazini."

Eunice aliwapokea mlangoni, akamtazama Hanifa, akauliza kama naye ni fundi.

"Leo ndiyo," Hanifa akajibu kabla Amin hajafungua mdomo.

Alimmulikia tochi nyuma ya friza, kwenye joto na vumbi. Aliona makovu ya kuungua vidoleni mwa mumewe, yale aliyokuwa akiyagusa gizani bila kujua yametoka wapi. Alimsikia akiisemesha mashine kwa sauti ya chini, kama vile anavyombembeleza Twaiba akiwa na homa. Hatimaye kompresa ikakohoa, ikatulia, ikaanza kunguruma. Hanifa akaweka kiganja juu ya bomba, akangoja, na ubaridi ulipoanza kupanda akamgeukia mumewe, uso wake umejaa jasho na tabasamu.