Bati Juu ya Kichwa cha Mjomba

Ulianza tulipoiacha Koboko nyuma: mngurumo mzito ulioingia kifuani na kwenye taya kabla ya kufika masikioni. Mjomba wangu, aliyekuwa akiendesha, hakugeuza hata shingo. Abiria wa kabini walikuwa wameshuka sokoni na mizigo yao. Tulirudi Arua wawili tu, lori tupu, na kinasa sauti changu magotini.

Mngurumo ule niliujua, kwa kuwa nilikuwa nimeukokotoa. Kwa ajili ya shahada yangu ya pili, nilikuwa nimeandika programu ya kuiga kelele za ndani ya lori, nikiipitisha kwenye kompyuta ya chuo kwa kadi zilizotobolewa matundu. Kabini ilikuwa sanduku la bati. Dereva alikuwa nukta moja, pale masikio yanapokaa. Kompyuta ilidai kwamba kwa mwendo fulani paa lingetetemeka kama ngozi ya ngoma. Vipimo vyangu vya njiani vilikataa. Kwa miezi mingi nilizishuku kadi, nikazipanga na kuzipangua.

Kumbe nilikuwa nikipima wakati wa kwenda tu. Kwetu abiria wa kabini hufunga mzigo wake juu ya paa, sawasawa na kichwa chake, ili ukiguswa asikie. Magunia ya mihogo na tumbaku ndiyo yaliyolituliza bati. Wakati wa kurudi paa lilikuwa tupu, na mjomba alikuwa amerudi hivyo miaka yote.

"Mjomba, hii sauti haikuumizi?"

Nilikuwa kushotoni kwake. Hakujibu. Nikarudia kwa nguvu.

"Sauti gani?" akasema.

Dawa ilikuwa rahisi mno: gunia la mchanga juu ya paa. Safari iliyofuata tulilifunga kabla ya kuondoka Koboko. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari akalinyooshea kidole.

"Hii mzigo ya nani?"

"Ya mimi," mjomba akasema.

"Iko nini ndani?"

"Mchanga."

"Ya kujenga?"

"Ya kunyamazisha lori."

Askari akawaita wenzake waje wasikie. "Lori yako iko na mdomo, mzee? Na Arua mchanga imekwisha?"

Akalipasua gunia kwa singe, akauchakura mchanga kwa kiatu. Nilianza kumweleza habari ya mitetemo ya bati. Mjomba akanikanyaga mguu. Hatukujaribu tena. Nikataka kubandika blanketi kwenye bati kwa ndani, lakini gundi ilikuwa imetoweka madukani. Tulilifunga kwa kamba, likamning'inia mjomba machoni, akaling'oa.

Kisha ikaja siku ile ya Manibe, njiani kurudi Arua. Basi lilitujia kwa nyuma likipiga honi, likapiga tena na tena. Nilipaza sauti, nikamvuta mkono. Mjomba alikaa katikati ya barabara hadi basi lilipotupita, magurudumu ya upande mmoja yakiwa majanini, utingo wake akitutukana kutoka mlangoni.

"Huyu mbona hapigi honi?" mjomba akauliza.

Nililitazama sikio lake la kushoto hadi tulipokaribia mjini.

"Profesa, unanipigia hesabu?" Alicheka, kisha hakucheka. "Mpwa wangu, tajiri asijue. Akichukua lori, mimi nitakuwa mutu gani?"

Niliyapima maneno hayo kwa siku kadhaa, kila upande, kama nilivyozoea kuzipima kadi. Nikisema, namnyang'anya kazi aliyoijua tangu ujana. Nikinyamaza, kuna basi jingine, na abiria wanaojifungia mizigo yao juu ya vichwa vyao wakidhani dereva anasikia. Huku nikifikiri, yeye alikuwa akienda Koboko na kurudi.

Asubuhi moja, baada ya kumwona akipakia, nilikwenda posta. Karani aliniombea laini ya Kampala, nikangoja kwenye benchi, nikitamani isipatikane. Ikapatikana. Tajiri mwenye lori alipokea mwenyewe.

"Mimi ni mpwa wa dereva wako wa Koboko," nikasema.

"Amepata ajali?"

"Bado," nikasema.