Huwashwa Ikiwa Tupu

Mke wangu wanamwita Koleo, maana akikubana hata ukilia hakuachii. Mimi mumewe najua. Tuna chumba kimoja cha kazi: cherehani yangu dirishani, mota zake kila mahali.

Muuza nyama alileta mashine ya kusagia iliyoungua. Koleo akaifungia mota ya kisasa, isiyo na kihisi ndani cha kuonyesha imezunguka hadi wapi. Kibao chake cha umeme, kinachoiendesha, hupeleka umeme kwenye waya mbili na kusikiliza wa tatu. Sumaku iliyo ndani ya mota ikipita, waya huo hurudisha umeme kidogo, nacho hujua mota imefika wapi. Ikiwa imesimama, hakuna cha kusikiliza. Hapo kibao husukuma kwa kubahatisha, na nyama ikiikwamisha, hutulia kidogo kisha hujaribu tena chenyewe. Ndiyo maana huwashwa ikiwa tupu, nyama hufuata. Ile mota ya zamani, muuza nyama na mdogo wake walizoea kujaza nyama kwanza.

Alipokuja kuichukua, muuza nyama alicheka. "Mwanamke na mota, wapi na wapi?"

Koleo akamsukumia mashine bila neno. Kimya kina mshindo mkuu, na mimi mjinga nilikifurahia.

Kesho yake asubuhi mtu yule aliingia na aproni imelowa damu isiyo ya ng'ombe, akipayuka. Mdogo wake alijaza nyama, akawasha. Mashine ikatikisika, ikanyamaza. Akadhani imekufa, akaingiza mkono kuichokonoa. Ikajaribu tena. Vidole vitatu vilikwenda.

"Umemkata ndugu yangu!"

Kofi lake lilimwangusha Koleo juu ya meza. Akainuka na spana, akampasua nyusi. Nikamrukia mgongoni, nikatupwa ukutani kama kitambaa. Nikaokota mkasi, na naapa nilikusudia kumchoma.

Muuza nyama alikuwa amemkaba Koleo koo, damu ya nyusi ikimwingia machoni. "Sema! Uliniambia inawashwaje?"

Jibu lilikuwa jepesi. Shahidi nilikuwa mimi peke yangu, na ningeapa mchana kweupe kwamba aliambiwa. Nilimkonyeza mke wangu.

"Sikukuambia," Koleo alisema kwa tabu. "Nilijua, sikukuambia. Ulinidharau, nikanuna."

Mtu yule akamwachia koo, akakunja ngumi, ikamvunja taya. Koleo hakujikinga. Nami nilisimama pale na mkasi wangu, nikashindwa hata kumwambia aache.