Mtu wa kubishana naye juu ya supachaja

Juzi nilikuwa Kibirizi, kando ya ziwa, kwenye duka la spea za injini za boti, nikisubiri plagi. Akaingia mkimbizi mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa, mtu mzima, kibali chake cha kutoka kambini kikichungulia mfukoni mwa shati. Hakuagiza kitu. Aliegemea kaunta akamuuliza muuzaji:

"Gari la mashindano, ungelifunga supachaja gani, ile pampu ya kuiongezea injini hewa? Ya skrubu mbili au ya feni?"

Muuzaji alicheka kwa adabu. "Yoyote, mzee wangu."

"Hapana. Ya skrubu inasukuma hewa kwenye injini ukigusa mafuta tu. Ya feni inangoja mpaka mizunguko ya injini ipande. Mimi nasema skrubu."

"Kweli kabisa, mzee. Skrubu."

Akapiga kaunta kwa kiganja. "Usikubali! Sema skrubu inachemsha hewa. Sema feni ni nyepesi!"

"Kwa nini niseme hivyo?"

"Yeye alikuwa anasema hivyo." Akaonyesha ziwa kwa kidevu. "Fundi mwenzangu. Gereji moja miaka yote, hatukukubaliana hata siku moja. Tulipokimbia, alipanda boti nyingine."

Hatukuuliza boti hiyo ilifika wapi. Mimi magari siyajui, lakini nikajitosa, nikasema kwa sauti, "Feni ni bora!"

Aligeuka haraka, uso umechangamka. Akanitazama vizuri, kisha akashusha macho.

"Ndiyo, bwana," akasema kwa upole. "Feni nayo ni nzuri."

Kambini wanagawiwa unga, maharage na mafuta. Mtu wa kubishana naye hayumo kwenye mgao.