Kitufe Kilicholaliwa na Picha

Saa mbili asubuhi, kabla wenzake hawajafika ofisini, fundi wa kurasa za programu za simu amepanga simu tano mezani na anazibonyeza moja baada ya nyingine. Anakuza maandishi hadi mwisho, anabonyeza tena. Anabonyeza hata pasipo na kitu.

Wenzake humwita Bi Hasi. Jina hilo la utani alilipata kwa kupenda mno namba zilizo chini ya sifuri.

"Ukiweka pambizo, yaani nafasi kati ya vitu, ya kumi na sita, vitu viwili vinaachana," anaeleza. "Ukiweka hasi arobaini, cha chini kinapanda kinakilalia cha juu. Ukurasa unapendeza. Wateja walikuwa wanasifu, na mimi kichwa kikavimba."

Ndivyo alivyotengeneza ukurasa wa zahanati moja: picha ya muuguzi anayetabasamu, imevutwa juu ikalalia kadi, yaani kisanduku chenye kitufe cha kuita msaada. Kingo za picha hiyo hazina rangi, hazionekani. Kwenye simu za ofisini kila kitu kilikaa sawa.

Mama yake mdogo, aliyemlea, ana simu ndogo aliyoikuzia maandishi kwa sababu ya macho. Maandishi hayo yalikisukuma kitufe hadi chini ya ukingo ule usioonekana. Kitufe alikiona vizuri, ila kidole kiligusa picha.

Ilikuwa siku mumewe alipobanwa na kifua. Mama mdogo alibonyeza, akabonyeza, mpaka jirani alipopata gari. Mzee alikata roho njiani. Daktari alisema pengine hata msaada wa mapema usingetosha, na maneno hayo hayakumfariji mtu.

"Msibani nilichukua simu ya mama mdogo nikabonyeza," anasema Bi Hasi, macho chini. "Kimya. Nikajua ni kazi ya mkono wangu. Nikamwambia pale pale."

Ofisini hakuna aliyemfokea. Kosa lilirekebishwa kabla ya chai, kwa kubadilisha namba moja. Wepesi huo unamuuma mpaka leo.

Simu ya mama mdogo, hata hivyo, bado ina programu ile ile ya zamani. Kila Jumamosi Bi Hasi humwomba ruhusa ya kuirekebisha, na kila Jumamosi hukataliwa.

Jumamosi hii mwandishi wa habari hii yupo. Mama mdogo anaiweka simu mapajani na kuifunika kwa kiganja.

"Tunakula wote, tunacheka wote, ila hii niachie, mwanangu," anasema. "Watu wanasema nilibabaika, nikabonyeza vibaya. Hata mimi nikilala nawaza hivyo hivyo. Basi naichukua naibonyeza. Ikinyamaza, najua sikukosea mimi."

Bi Hasi anainuka na kutoka. Nje ya mlango anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Hataomba tena. Amepanga kumnunulia simu ya pili, iwekwe kando ya ile.

"Ya zamani abaki nayo," anasema. "Ila siku akizidiwa yeye, nataka awe na kitufe kinachoitika."