Mkalimani Aliyemeza Maneno ya Anselmu

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali lile lile mara tatu. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori kutoka Ruangwa, vumbi jekundu limenijaa hadi kwenye kope, na cheti changu cha shule nimekibana kwapani ndani ya gazeti. Karani Mkuu wa kambi, Myao mmoja mnene aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi, aliniuliza, "Unajua lugha ngapi?" Nikajibu. Akasema, "Sema." Nikajibu tena. Akaweka kalamu mezani.

"Kijana, mimi nimekaa hatua mbili kutoka kwako na sikusikii. Hao vibarua watakaosimama hatua mia watakusikiaje?"

"Lugha sita," nikasema kwa mara ya tatu, na safari hii alisikia.

Zilikuwa sita kweli. Kimwera cha baba yangu huko Mandawa; Kimakua cha mama yangu, aliyevuka Ruvuma akiwa bado msichana; Kiyao cha mwalimu wangu wa Kurani; Kimakonde cha majirani; Kiswahili cha shule na sokoni; na Kiingereza nilichokipata katika shule ya kati. Watu hudhani kwamba ajuaye lugha nyingi ni mtu wa maneno. Mimi nilizijua kwa sababu nilikuwa mtoto asiyesema. Nilikaa pembeni nikasikiliza, zikaniingia.

Ninyi mnaoiona Nachingwea ya leo hamwezi kuijua ile ya mwishoni mwa miaka ya arobaini. Ilikuwa pori, na Wazungu walikuja kulifyeka walime karanga. Matingatinga mawili yalifungwa mnyororo mzito katikati, yakaenda sambamba, na kila mti uliokuwa kati yake uling'oka na mizizi. Nyuma ya mnyororo walifuata vibarua wa shoka, mamia kwa mamia, Wamwera, Wamakonde, Wayao, na Wamakua wengi waliotoka ng'ambo ya mto. Wengi wao Kiswahili walikijua cha kununulia chumvi tu. Ndiyo maana kila kambi ilihitaji mkalimani.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mkalimani wa zamani, Mzee Ahmadi, aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao Lindi. Alinipa kanuni chache. Mkalimani husimama nyuma kidogo ya bega la kushoto la bwana. Hasemi "huyu anasema kwamba", anasema "mimi", kana kwamba yeye ndiye mwenye maneno. Haongezi, hapunguzi. Na mtu akianza kusema, haachwi njiani, bwana akitaka kumkatiza, mkalimani ndiye wa kumwambia, "Bwana, bado hajamaliza."

Mzee Ahmadi alikuwa mtu wa watu. Kila asubuhi kwenye baraza la kuita majina alipanda juu ya pipa, akawatania Wamakonde, Wamakonde wakamtania, akawarudishia Wayao, watu wakacheka, na kufikia wakati bwana anatoa amri za siku, amri zenyewe zilikuwa zimeshapata njia. Kwetu kusini utani ni kama salamu. Mtani wako akikuita mwizi wa kuku, nawe unamwita mla panya, mnashikana mikono. Anayenyamaza ndiye mwenye kasoro.

Mimi nilinyamaza. Sikuwa na kiburi wala sikuwachukia. Jibu lilinijia, zuri mara nyingine kuliko la Mzee Ahmadi, ila lilinijia watu wakishatawanyika. Nilipopanda juu ya lile pipa na kuona macho mia tatu yananitazama, maneno yaliyokuwa yamepangika vizuri kichwani yalitoka kama uji wenye madonge. Haukupita mwezi wakanipa jina. Wakaniita Gogo.

"Gogo limeamkaje leo?" waliniuliza asubuhi. Nikatabasamu, na kutabasamu kwangu kukawachekesha zaidi.

Nisiseme kwamba sikufaa kabisa. Mgonjwa akipelekwa kwa mganga wa kambi aeleze maumivu anayoyaonea haya, aliniomba mimi. Mtu aliyetaka kuandikiwa barua ya kumuuliza mkewe kwa nini ameondoka, alinifuata mimi. Katika chumba chenye watu wawili au watatu nilikuwa mkalimani kama yeyote. Lakini kazi haikuwa ya chumbani. Ilikuwa ya uwanjani, na kila alfajiri kipande cha reli kilipogongwa kuwaita watu, nilitoka kama mtu anayekwenda kuhukumiwa.

Nilijaribu kubadilika. Nilipopata likizo nyumbani Mandawa nilikwenda peke yangu kwenye shamba la ufuta la baba nikapaza sauti mpaka ndege wakaruka. Niliporudi nikajaribu utani wa Mzee Ahmadi, maneno yake yale yale. Hakuna aliyecheka. Mmakonde mmoja wa makamo akaniambia kwa huruma, "Acha, ndugu yangu. Nguo ya kuazima hiyo." Nilitamani ardhi inimeze.

Basi nikaenda kwa Bwana Kambi, Mwingereza mrefu aliyeongoza kambi yetu, nikamwomba anihamishie kwa wapimaji. Wapimaji walikuwa wakitembea porini kutwa wawili wawili, mmoja ameshika mnyororo wa kupimia, mwingine bendera, na niliwaonea wivu kwa ukimya wao. Hakunikaripia. Alisema, "Watu wa kushika mnyororo ninao wengi. Mwenye lugha sita ninaye mmoja." Akanigonga begani. "Changamka kidogo tu. Ni mazoea."

Karani Mkuu, aliyekuwa akisikiliza, alinifuata nje. "Mwanangu," akasema, "wengine wameomba kazi hii miaka miwili hawajaipata. Wewe unaikimbia kwa sababu ya watu?" Kwa sababu ya watu, ndiyo. Lakini ukilisema hivyo, unaonekana mgonjwa wa akili. Siku hizo hatukuwa na neno la mtu wa namna yangu. Tulikuwa na mpole, tulikuwa na bubu, tulikuwa na mwenye majivuno. Mimi sikuwa hata mmoja kati ya hao, na nilihesabiwa wote watatu.

Mwaka wa pili kambi ilisogezwa upande wa Naipingo. Huko maji yalikuwa shida. Yaliletwa na gari lenye pipa kubwa, na wakati wa kiangazi yalifika yakiwa na rangi na harufu. Kundi la shoka la Wamakua likaanza kuharisha, mmoja baada ya mwingine. Msemaji wao alikuwa Anselmu, Mkristo wa ng'ambo ya Ruvuma, kama wa miaka thelathini, mtu wa taratibu ambaye kila Jumapili alitembea saa mbili kwenda kusali. Mkewe, Veronika, alikaa kwenye kibanda nje ya kambi, ana mimba kubwa. Anselmu ndiye mtu pekee pale ambaye hakuniita Gogo. Aliniita kaka, kwa Kimakua, kwa kuwa mama yangu alitoka upande wao.

Asubuhi moja kundi lile halikuchukua shoka. Bwana Kambi alikuja amekasirika, maana wiki ile alikuwa amehimizwa na wakubwa wake. Watu wote wa kambi wakasimama kutazama. Nikachukua nafasi yangu nyuma ya bega lake la kushoto.

"Waulize kama wanakataa kazi," akasema.

Anselmu akasonga mbele, akavua kofia. Alianza kwa Kimakua, polepole, akinitazama mimi ili nimfuate. Alisema, "Leo hatuendi."

Nikasema kwa Kiingereza, "Leo hatuendi."

Anselmu akaendelea. "Hatukatai kazi. Wenzetu tisa hawawezi kusimama. Tunaomba leo hii moja tuwachotee maji ya kisimani kijijini, tuwachemshie. Kesho alfajiri tutaingia kazini, na siku hii tutailipa kwa kufanya kazi Jumapili, hata mimi ambaye Jumapili ni siku yangu ya sala."

Hayo yote niliyasikia. Niliyaelewa kila neno, na kwa Kiingereza yalikuwa yameshapangika. Lakini Bwana Kambi, ambaye kwa Kiingereza alikuwa amepata yale maneno mawili tu ya kwanza, aliinua mkono kabla sijafungua mdomo. "Inatosha. Nimesikia."

Palikuwa na pumzi moja. Nakumbuka ilikuwa moja. Ilinipasa niseme, "Bwana, bado hajamaliza." Nikatazama mbele, nikaona uwanja umejaa nyuso, zote zimenigeukia zikisubiri. Nilijiambia nitasema akishusha mkono. Aliposhusha mkono alikuwa ameshatoa amri. Kipande cha Anselmu, yaani karatasi yake ya kazi, kikachanwa mbele ya wote, na askari wawili wakampandisha kwenye lori lililokuwa linakwenda Masasi, ili arudishwe kwao ng'ambo ya Ruvuma kama mchochezi.

Hakupigana. Aliponipita aliniuliza kwa Kimakua, "Kaka, umemwambia?"

Sikujibu hata hilo.

Adhuhuri nilikwenda ofisini kwa Bwana Kambi. Alikuwa peke yake anakunywa chai. Hapo, wajukuu zangu, mbele ya mtu mmoja, niliyasema yote bila kukwama: wagonjwa tisa, maji ya kisima, kesho alfajiri, Jumapili. Akasikiliza mpaka mwisho. Uso wake ukabadilika.

"Kwa nini hukusema pale?"

"Niliogopa, Bwana."

"Uliniogopa mimi?"

"Hapana. Watu."

Alinitazama kama anayetazama mashine aliyoiagiza kutoka mbali na kuikuta haina kipuri. "Nilikuajiri uwe masikio yangu na mdomo wangu," akasema. "Nimepata masikio tu." Akatuma gari dogo lifuate lori. Likarudi jioni bila mtu. Anselmu alikuwa ameshakabidhiwa kwa askari wengine Masasi, na baada ya wiki mbili tukaarifiwa kwamba amevushwa mto. Wale wagonjwa tisa walipewa siku tatu za kupumzika na maji ya kisima. Yaani alichokiomba kilitolewa chote, na zaidi.

Watu kambini hawakunilaumu. Hawakujua. Kwa macho yao bwana alinikatiza, bwana akaamua. Veronika niliambiwa ameondoka na jamaa zake, sikujua alikokwenda, wala sikuuliza.

Mpango wa karanga ulipokufa, matingatinga yaliondoka na sisi tukatawanyika. Katika miaka ya hamsini nilipata kazi ya karani wa ghala Ruangwa, la kununulia ufuta na korosho. Mkubwa wangu, Mhindi mmoja mzee, alipenda watu wasiosema, na kwa mara ya kwanza nikasifiwa kwa tabia yangu. Sifa hiyo haikunipa raha. Ilikuja ikiwa imechelewa.

Msimu mmoja alinituma Nambilanje kukagua ufuta kabla haujaletwa. Katika nyumba ya tatu nikamkuta mwanamke anapepeta, na msichana wa miaka saba au minane anaokota takataka kwenye ungo. Mwanamke akanitazama, akaacha kupepeta.

"Wewe ni yule mkalimani," akasema kwa Kimakua. "Mimi ni Veronika wa Anselmu."

Nikakaa chini kabla sijakaribishwa. Nikamuuliza habari za mumewe. Akasema hakurudi. Wapo waliomwambia alikufa kwa homa mwaka ule ule, wapo waliosema alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge mbali kabisa. Alikuwa ameacha kuulizia.

"Lakini wewe ulikuwepo," akaendelea. "Nilisikia alisimama akasema mbele ya bwana. Hakuna aliyeweza kuniambia alisema nini, maana waliojua Kimakua walitawanyika. Mwanangu hajawahi kusikia hata neno moja la baba yake. Mwambie."

Mtoto akaja akakaa karibu yangu. Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kimakua, maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, maana kwa miaka yote hiyo hayakuwa yameniacha. Leo hatuendi. Hatukatai kazi. Wenzetu tisa. Maji ya kisima. Hata mimi ambaye Jumapili ni siku yangu ya sala.

Veronika alifuta macho kwa kitenge. "Alisema vizuri," akasema. "Na bwana aliposikia maneno mazuri kama hayo, bado alimfukuza?"

Tulikuwa watatu tu katika ua ule. Hapakuwa na umati, hapakuwa na pipa la kupanda. Ni mahali ambapo maisha yangu yote niliweza kusema. Nikatazama mikono yangu.

"Wakati ule mambo yalikuwa hivyo, mama," nikajibu.

Akatikisa kichwa kumlaumu Mzungu yule, akanipa kata ya maji, akanishukuru. Nilikunywa, nikaandika ufuta wake daftarini, nikaondoka.

Tangu hapo nimejua kwamba nilijidanganya. Siku zote nilisema kosa ni la umati, kwamba Mungu aliniumba mtu wa chumbani na watu wakaniweka uwanjani. Ni kweli waliniweka nisipofaa, na mpaka leo naamini kwamba kama ningepewa bendera ya mpimaji, Anselmu angezeeka na mkewe. Lakini pale Nambilanje sikuwa uwanjani. Sijui tena kipi ni maumbile yangu na kipi ni woga wangu. Vimekaa pamoja muda mrefu mno, siwezi kuvitenganisha.

Niliendelea na kazi ya ghala mpaka macho yalipokataa kusoma mizani, nikastaafu, nikarudi Mandawa kwenye mikorosho ya baba. Ninyi vijana huniuliza nini cha kushika katika kazi, na mimi nina kimoja tu, nacho si faraja: chunguzeni mapema mlivyo, na mkiona mmewekwa pasipo penu, ondokeni hata kwa kulala njaa, kabla mtu mwingine hajalipa kwa ajili yenu.

Siku hizi kwenye mabaraza ya ukoo naketishwa mbele. Watu wakigombana mimi huwa kimya, na nawasikia wakinong'onezana kwamba mzee huyu ana busara, hasemi ovyo. Huwa nataka kuwaambia ukweli. Nasubiri wamalize kusema, wanamaliza, wanainuka kwenda zao.